Gramu ya Geita, karati ya Mwadui

Gramu moja ya dhahabu ya Geita si sawa na gramu moja ya dhahabu safi. Dhahabu hutoka ardhini ikiwa imechanganyika na madini mengine, hasa fedha, ilhali bei ya dunia ni ya dhahabu safi, tena kwa aunsi ya gramu 31.1. Kipande cha gramu 10 chenye usafi wa asilimia 92 kina dhahabu safi gramu 9.2, yaani takriban aunsi 0.3. Anayeuza kwa kutazama mizani peke yake anaweza kupunjwa mchana kweupe.

Njia ya zamani ya kujua usafi ni maji. Kipande hupimwa kikiwa kikavu, kisha hupimwa tena kikiwa kimening'inizwa majini. Gramu 10 za dhahabu safi hupungua kama gramu 0.52, fedha ya uzito huohuo hupungua 0.95. Pengo likizidi, usafi umeshuka. Donge lililotoka tu kuchomwa zebaki mwaloni, panapooshewa dhahabu, lina vitundu vyenye hewa, kwa hiyo lisipoyeyushwa kwanza, maji yataonyesha usafi mdogo kuliko uliopo. Hapo ndipo jasho la duarani, yaani la shimoni, hupotelea, na mchimbaji ana haki ya kudai donge lake liyeyushwe mbele ya macho yake. Soko la madini la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, lina thamani kubwa kwa sababu hiyo: linampa mahali rasmi pa kupimia na kuuzia.

Shinyanga, kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, hesabu hubadilika. Kwenye dhahabu, karati ni usafi: 24 ni dhahabu safi, 18 ni asilimia 75. Kwenye almasi ni uzito, na karati moja ni gramu 0.2. Almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui mwaka 1947, ambayo John Williamson, mwenye mgodi huo, alimzawadia Elizabeth wa Uingereza alipoolewa, ilikuwa na karati 54.5, sawa na gramu 10.9. Ilipokatwa zikabaki karati 23.6, gramu 4.72 tu. Zaidi ya nusu ya jiwe iliondoka ili linalobaki ling'ae. Dhahabu haipotezi uzito namna hiyo mikononi mwa sonara mwaminifu.