Sheria ya Ng'ambo ya Ziwa
Wiki hii nimesoma ratiba ya mafunzo ya kiangazi ya sheria linganishi, aliyotumiwa kutoka Ulaya kijana mmoja wa hapa Kigoma, nikakwama kwenye swali la siku ya kwanza: ukinunua pikipiki, inakuwa yako lini? Kwa Mfaransa, mkishakubaliana chombo na bei imekwisha kuwa yako, hata kama hujalipa wala hujakabidhiwa. Mjerumani, kwa kanuni iliyoanza kutumika mwaka 1900, anasubiri makabidhiano. Sasa ikiungua usiku huo ghalani kwa muuzaji, hasara ya nani? Hapo ndipo wafanyabiashara wanapolizana. Kongo ilirithi njia ya Ufaransa kupitia Ubelgiji, na amri yake ya mikataba ni ya 1888. Sisi tulirithi ya Waingereza. Tangu 2022 sisi na Kongo tumo pamoja katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba wa anayejua sheria ya upande mmoja ni mtumbwi wa kasia moja. Aende kijana, nampa baraka zote. Lakini ni aibu kwamba avuke bahari ndipo afundishwe sheria ya mteja wake wa Kalemie, Kongo, ng'ambo ya ziwa tu. Wakuu wa vitivo vya sheria, lileteni somo hili nyumbani.