Kabla ya Kidonge, Tumuulize Mama Analalaje

Alikuja kliniki mara tatu ndani ya miezi miwili. Mara ya kwanza alisema kichwa kinamuuma. Akapimwa malaria, hakuwa nayo, akapewa dawa ya maumivu. Mara ya pili alisema moyo unamwenda mbio. Akapimwa shinikizo la damu, likawa la kawaida, akaambiwa apunguze mawazo. Mara ya tatu aliketi mbele yangu, akainamisha kichwa na kusema, "Daktari, mimi usingizi nimeusahau." Nikamwandikia diazepamu, vidonge 14, kisha nikamwita mgonjwa aliyefuata. Mazungumzo yetu hayakuzidi dakika nne.

Siku tisa baadaye nilimkuta wodini, mkono wake wa kulia umevunjika. Aliamka saa nane usiku kwenda haja ndogo, mwili ukiwa bado umelewa dawa, akaanguka kizingitini. Hapo ndipo nilipomuuliza maswali niliyopaswa kumuuliza tangu awali. Alikuwa na umri wa miaka 49. Hedhi yake ilikuwa imekoma mwaka uliotangulia. Kila usiku joto lilimpanda ghafla kifuani na usoni, jasho likailoanisha kanga, akagutuka, na akishagutuka hakulala tena hadi alfajiri. Jioni alikunywa vikombe viwili vya chai ya rangi iliyokolea ili apate nguvu ya kumaliza kazi za nyumbani. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa katika faili lake, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Siandiki haya ili kujitakasa. Nayaandika kwa kuwa ninaamini kosa hilo si langu peke yangu. Katika vituo vyetu vingi, mwanamke asemaye kwamba halali hupewa moja kati ya majibu mawili: kidonge au nasaha ya "usiwaze sana." Hoja yangu ni kwamba yote mawili hayatoshi, na mara nyingine yana madhara. Usingizi wa mwanamke unastahili kuulizwa, kuchunguzwa na kutibiwa kama tunavyofanya kwa shinikizo la damu, na sehemu kubwa ya tiba hiyo inawezekana hata katika zahanati ya kijijini.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Uchambuzi wa tafiti nyingi za mataifa mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba uwezekano wa mwanamke kupata tatizo la kukosa usingizi unazidi ule wa mwanamume kwa takriban asilimia 40. Tatizo hilo huitwa sugu likitokea angalau usiku tatu kwa wiki, kwa muda wa miezi mitatu au zaidi, na likaharibu utendaji wa mchana. Mwenye tatizo hilo yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata sonona, na anayelala muda mfupi mno kwa miaka mingi huelekea zaidi kupata shinikizo la juu la damu na kisukari. Hivyo basi, tunapolipuuza lalamiko hili leo, huenda tutalikuta kesho katika kliniki nyingine, likiwa na jina zito zaidi.

Kwa nini wanawake? Sababu ya kwanza ni mwili wenyewe. Homoni za estrojeni na projesteroni hupanda na kushuka, na usingizi huyumba pamoja nazo: siku chache kabla ya hedhi, wakati wa ujauzito, baada ya kujifungua na katika miaka ya kukoma kwa hedhi. Joto la ghafla huwapata wanawake wengi katika kipindi hicho cha mwisho, na kwa baadhi yao huendelea kwa miaka saba au zaidi. Ujauzito nao una yake: haja ndogo ya mara kwa mara, kiungulia, maumivu ya mgongo, na ile hali ya miguu kutotulia, ambapo mama huhisi mtambao ndani ya miguu kila anapolala na hupata nafuu anapoitikisa au kutembea. Hali hii ya miguu mara nyingi hufungamana na upungufu wa madini ya chuma. Katika nchi ambako upungufu wa damu kwa wajawazito ni jambo la kila siku, kumpa mama huyu dawa ya usingizi bila kuuliza habari za miguu yake na kupima damu yake ni kuuacha mzizi na kukata majani.

Sababu ya pili ni mgawanyo wa kazi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wahenga walisema. Nasi tunaoandika dawa tuna haja ya kujua kitanda cha mgonjwa wetu kikoje. Mwanamke mwingi wa kwetu hulala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Ndiye anayenyonyesha saa saba usiku, anayemgeuza mama mkwe aliyepooza saa tisa, na anayewasha moto au kwenda kuchota maji saa kumi na moja alfajiri. Huyu hana ugonjwa wa usingizi. Hana nafasi ya kulala, na hakuna kidonge duniani kinachoongeza saa katika usiku. Dawa yake iko mikononi mwa watu wanaoishi naye. Mume anaweza kumbembeleza mtoto aliyekwisha kunyonya. Kijana wa miaka 15, wa kiume au wa kike, anaweza kuchota maji. Mhudumu wa afya anapomwita mume na kumweleza hayo kwa heshima, anatoa tiba.

Sababu ya tatu ni ile isiyosemwa mbele ya watu. Wapo wanawake wasiolala kwa sababu wanamwogopa mtu aliye kitanda kimoja nao. Wapo waliofiwa, na wapo wenye sonona inayojitokeza kwanza kwa kuamka saa tisa usiku na kushindwa kulala tena. Mama aliyejifungua, ambaye mtoto wake amelala fofofo lakini yeye mwenyewe hawezi kufumba jicho, asiambiwe kwamba ni uchovu tu. Huenda hiyo ni dalili ya mapema ya sonona ya uzazi. Maswali haya huulizwa faraghani, mlango ukiwa umefungwa, wala si mbele ya foleni.

Sasa turudi kwenye kidonge. Diazepamu si adui. Ina kazi yake katika degedege na katika hali nyingine mahususi. Lakini hukaa mwilini muda mrefu, kiasi kwamba zao lake moja linaweza kuendelea kufanya kazi kwa siku kadhaa. Mtumiaji huamka amelewa, husahau, huanguka, na akiizoea hushindwa kulala bila hiyo. Kwa mwanamke anayekoroma kwa nguvu na ambaye pumzi humkatika usingizini, hali inayoongezeka baada ya hedhi kukoma na kwa wenye uzito mkubwa, dawa hii inaweza kuizidisha hatari. Vivyo hivyo, vidonge vya mzio vinavyonunuliwa dukani ili kuleta usingizi huacha uzito wa kichwa mchana, na nguvu yake ya kulaza hufifia upesi. Nawasihi wagonjwa jambo moja zaidi: anayetumia dawa hizi kwa muda mrefu asiache ghafla. Amwone mtaalamu ili apunguziwe dozi kidogo kidogo, kwani kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege.

Kipo kilicho bora. Mwaka 2016 Chuo cha Matabibu cha Marekani kilipendekeza kwamba tiba ya kwanza kwa mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi iwe tiba ya kubadili fikra na tabia zinazohusu usingizi, na dawa zifuate tu pale inaposhindikana. Misingi yake inaeleweka na mtu yeyote. Kitanda kiwe cha kulala, si cha kuhesabia madeni. Nenda kitandani unaposinzia, si kwa sababu tu saa imefika. Ukikaa macho kwa kiasi cha dakika 20 hivi, ondoka, keti mahali penye mwanga hafifu, fanya jambo tulivu, kisha urudi usingizi unapokujia. Amka saa ileile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Usilale mchana kwa muda mrefu. Na ikiwa hulala saa sita tu kati ya saa tisa unazokaa kitandani, punguza muda wa kukaa kitandani ukaribie saa hizo sita, kisha uongeze kidogo kidogo kadiri usingizi unavyoshikamana. Hatua hii ya mwisho ifanywe kwa usimamizi wa mhudumu, na haimfai mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka kwa hisia, wala anayeendesha chombo cha moto huku akisinzia.

Najua wenzangu watasema, "Wanasaikolojia tutawatoa wapi?" Ni swali la haki. Lakini utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Lancet ulionyesha kwamba wauguzi wa vituo vya kawaida, waliopewa mafunzo mafupi, waliweza kutoa sehemu hiyo ya kupunguza muda wa kitandani kwa vikao vinne tu, na wagonjwa wao wakawa na nafuu iliyoonekana hata baada ya miezi sita. Wauguzi tunao. Kliniki za wajawazito, za watoto na za shinikizo la damu tunazo, na wanawake huja humo kila mwezi.

Wengine watasema muda hautoshi, kwani foleni ni ndefu. Nami nilidhani hivyo, nikaokoa dakika sita, kisha mgonjwa wangu akalala wodini na baadaye akakaa wiki sita mkono ukiwa umefungwa. Maswali ninayopendekeza ni machache. Unalala saa ngapi na kuamka saa ngapi? Nini hukuamsha: joto, mkojo, miguu, mtoto, mawazo, hofu? Je, unakoroma, au umewahi kuambiwa kwamba pumzi hukatika? Unakunywa nini jioni, na unatumia dawa gani? Swali hilo la mwisho lisidharauliwe. Dawa ya kuongeza mkojo ikinywewa jioni itamwamsha mama usiku kucha. Mara nyingi inatosha kuihamishia asubuhi. Dolutegravir, dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI, huwakosesha baadhi ya watu usingizi, na kwa wengi wao kuinywa asubuhi huleta nafuu, bila kuacha hata dozi moja. Kafeini ya chai na kahawa huhitaji takriban saa tano ili ipungue kwa nusu mwilini. Kwa anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango muda huo hukaribia kuongezeka maradufu, na katika miezi ya mwisho ya ujauzito huwa mrefu zaidi. Kikombe cha saa kumi na mbili jioni bado kimo mwilini saa sita usiku.

Kwa akina mama wanaosoma ukurasa huu, nina maneno machache. Usingizi unapokukimbia usijilaumu, wala usione haya kulisema jambo hilo kliniki hata kama hujaulizwa. Mjamzito aliyefikisha wiki 28 alale kwa ubavu, wa kushoto au wa kulia, kwani kulala chali huhusishwa na hatari zaidi ya mtoto kufia tumboni. Akiamka akajikuta chali asihofu, ageuke tu. Joto la ghafla lina tiba, zikiwemo za homoni kwa wanaofaa kuzitumia; uliza. Chandarua usikikunje kwa sababu ya joto. Fungua dirisha lenye wavu, jimwagie maji kabla ya kulala, vaa nguo nyepesi ya pamba, lakini lala ndani ya chandarua. Na ukihisi kwamba maisha hayana maana, usingoje siku ya kliniki. Mwambie mtu leo na uende kituo cha afya kilicho karibu.

Na kwa wauguzi wanaokesha wodini, wengi wao wakiwa wanawake, deni letu ni la namna nyingine. Wanapotoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, nyumba huwasubiri kana kwamba walikuwa wamelala. Ratiba zipangwe ili zamu za usiku zisifuatane mno, na familia zijue kwamba mchana huo ndio usiku wao.

Mgonjwa wangu alirudi baada ya miezi mitatu. Tulikuwa tumeanza tiba ya homoni baada ya kumpima na kuzungumza naye juu ya faida na hatari zake, chai ya jioni ikawa ya tangawizi isiyo na majani, na binti yake mkubwa akachukua kazi za usiku. Bado kuna siku anazoamka kabla ya wakati. "Lakini daktari," aliniambia, "sasa nikiamka najua nifanye nini." Kisha akauliza, kwa upole uliouma kuliko lawama, kwa nini mara ile ya kwanza hatukuzungumza hivi. Sikuwa na jibu la kumpa. Tangu siku hiyo, kila mama anayeketi mbele yangu, awe amekuja kwa kikohozi au kwa kisukari, namuuliza kwanza analalaje, na kalamu naiweka mezani hadi amalize kujibu.