Kabla ya Kutuambia "Fumbeni Macho"

Vijana wenzetu, na ninyi ndugu zetu mnaovaa jile za mashirika, leo tunaandika juu ya usingizi. Msicheke kwanza.

Juzi kati tuliitwa kwenye ukumbi mmoja hapa Kamembe. Tulikuwa kama ishirini na tano, vijana na mama wachache. Tukatandikiwa mikeka, tukaambiwa tulale chali na tufumbe macho. Spika ndogo ikaanza kutoa sauti ya mawimbi, na mwanamke akaongea Kifaransa kwa sauti tamu sana: ziwa limetulia, uko salama, achilia mwili. Dakika chache tu, mama mmoja akainuka, akachukua viatu vyake, akatoka. Tukamfuata. Akasema: "Batoto, miye nikifunga macho naona bale batu. Na ile mayi banatuwekea, njo ile tulivuka usiku."

Ndani, kwenye orodha, jina lake lilikuwa limeshawekwa alama. Amehudhuria.

Hapo ndipo ugomvi wetu unapoanzia.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi yoga ni uchawi, wala hatusemi ni mchezo wa wazungu, maana hata asili yake si kwao. Kile tulichofanyishwa kinaitwa yoga nidra, yaani usingizi wa yoga. Aliyekieneza ni Swami Satyananda Saraswati wa Bihar, India, aliyetoa kitabu juu yake mwaka 1976. Unalala, sauti inakutembeza mwilini, kidole gumba cha kulia, kidole kinachofuata, kiganja, kiwiko, mpaka mwili unalegea huku akili iko macho. Mmarekani Richard Miller alikibadilisha kidogo, kikapelekwa hospitali ya jeshi ya Walter Reed kwa askari waliotoka Irak na Afghanistan. Na siku ile ukumbini wenzetu watatu walilala kabisa. Mmoja alisema ni wiki nyingi hajapumzika vile. Kwa hiyo kitu chenyewe kinaweza kusaidia. Sisi tunapinga namna kinavyoletwa.

Angalieni tofauti. Wale askari walikuwa wamesharudi kwao, vita viko ng'ambo ya bahari. Vyetu viko ng'ambo ya mto. Usiku ukisimama Kamembe unaona taa za Bukavu kwa macho yako, na hapo Bukavu kuna shangazi, kuna kaka, kuna nyumba tuliyoacha na funguo tunazo. Februari 2025 vita vilifika Bukavu. Desemba mwaka huohuo vikashuka Kamanyola mpaka Uvira, na watu wakavuka Bugarama, wengi wakapelekwa kambi ya mapokezi ya Nyarushishi. Wataalamu wanasema tunaugua mambo ya baada ya vita. Baada gani? Simu ikilia saa tisa usiku bado hatujui ni nani amekufa.

Mtu wa namna hiyo macho yake ndiyo mlinzi wake. Ndiyo yaliyomfikisha hapa. Leo unamwambia ayafumbe, alale chali, katikati ya watu asiowajua, mlango uko wazi nyuma ya kichwa chake, na kuna mwanaume anapita kati ya mikeka akipiga picha. Na msichana aliyefanyiwa mabaya njiani, unataka tukueleze kwa nini hataki kulala chali? Kabla ya kutuambia tufumbe macho, tuambieni kwanza nani analinda mlango.

Na hii si hekima mpya. Wanyarwanda wenyewe wanatufundisha. Baada ya 1994 walilipata hata jina la ugonjwa huu, ihahamuka. Mwaka 2005 huko Byumba ikaanza Mvura Nkuvure, maana yake niponye nami nikuponye. Watu kumi mpaka kumi na watano wa mtaa mmoja wanakaa duara, kila wiki, wiki kumi na tano, na wanaoongoza ni majirani zao waliofundishwa. Hatua ya kwanza ni usalama. Ya pili ni kuaminiana. Kumbukumbu zinakuja mwishoni kabisa. Hata wakimbizi Wakongomani wameshakaa kwenye duara hizo. Sasa sisi mnataka tufike mwisho siku ya kwanza, kwa nusu saa, halafu msirudi?

Tunajua mtajibu nini. "Magodoro na taa si idara yetu, sisi tunashughulika na saikolojia." Jamani, usingizi hauna idara. Watu wanane chini ya shitingi moja, mtoto mmoja akikohoa wote wameamka. Choo kiko mbali na giza, msichana anabana mkojo mpaka alfajiri. Hiyo nayo ni afya ya akili. Ukimfundisha mtu kupumua vizuri ukamwacha alale sakafuni, umemfundisha kuvumilia tu, na kuvumilia tulishakujua kabla yenu.

Na sisi vijana tusijifiche. Tunakwenda kwa sababu ya fanta na pesa ya usafiri. Tunafumba macho ya uongo, kisha kwenye fomu tunajaza "najisikia vizuri sana". Fomu ile inakuwa ripoti, ripoti inasema wakimbizi wa Rusizi wamepona, na mwaka unaofuata wanatuletea mikeka ileile. Tukidanganya sisi, anayelipa ni yule mama aliyebeba viatu vyake.

Tunachoomba si kikubwa. Sauti iwe ya mtu wetu, kwa Kiswahili chetu, Mashi au Kinyamulenge. Atakayetaka kukaa akaegemea ukuta akae, atakayetaka kuacha macho wazi aache, na asiulizwe sababu. Wasichana wapate saa yao. Mtuambie mapema itachukua dakika ngapi. Mawimbi ya maji yazimwe. Kamera ibaki kwenye gari. Aliyekuja wiki hii arudi wiki ijayo, mtu huyohuyo. Na sauti hiyo tuwekeeni kwenye simu, kwa sababu usingizi hautukatai saa nne asubuhi ukumbini. Unatukataa saa nane usiku, wakati ofisi zenu zimefungwa.

Sisi tumeshaanza kidogokidogo. Jumapili baada ya ibada tunakutana kwenye kibaraza cha mwenzetu. Mmoja anasoma taratibu, dakika saba, tunataja mwili kuanzia vidole. Tumekaa, migongo ukutani. Mmoja wetu anasimama mlangoni, kwa zamu, na kila mtu anajua leo ni nani. Hatudai kwamba tumeponya mtu. Ila watu wanarudi bila fanta.

Yule mama naye huja. Anakaa karibu na njia, viatu viko mguuni, macho wazi mpaka mwisho, na hakuna anayemwambia afumbe.

Ndugu wa mashirika, karibuni Jumapili moja. Njooni bila orodha, mketi nasi. Zamu ya mlangoni tutawapa.