Bidhaa mpya ikitoka, mteja aelezwe tofauti

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafanyabiashara wengi wameushika msemo huu hadi wakaamini kwamba bidhaa ikiwa bora, jina na maelezo yake si jambo la kuumiza kichwa. Yaliyoikuta kampuni ya Nintendo ya Japani yanatuonya kwamba imani hiyo inaweza kumtia mtu hasara.

Novemba 2006, Nintendo iliingiza sokoni mashine ya michezo ya video inayounganishwa na televisheni, ikaipa jina la Wii. Ziliuzwa zaidi ya milioni 101 duniani. Novemba 2012 ikatoa mashine nyingine, mpya kabisa na yenye nguvu zaidi, ambayo mchezaji wake alishika padi kubwa yenye kioo. Kampuni ikaiita Wii U. Tangu ilipotambulishwa kwa mara ya kwanza, Juni 2011, maelezo mengi yalihusu padi hiyo kuliko mashine yenyewe.

Mzazi aliyekuwa na Wii nyumbani angeelewa nini? Herufi moja iliyoongezwa haikumwambia kwamba michezo mipya isingefanya kazi kwenye mashine yake ya zamani. Mwaka 2013, Satoru Iwata, aliyekuwa rais wa kampuni hiyo, alikiri kwamba wapo waliodhani Wii U ni Wii ile ile iliyoongezewa padi. Septemba mwaka huo, bei ya toleo la juu nchini Marekani ilishushwa kutoka dola 350 hadi 300. Mwaka 2017 utengenezaji ulisitishwa, na jumla ya mauzo ikaishia milioni 13 na nusu hivi.

Hatusemi kwamba jina peke yake ndilo lililoiangusha Wii U. Michezo yake ilikuwa michache na washindani walikuwa wakali. Lakini mteja asiyejua kwamba kuna bidhaa mpya hawezi hata kufikia hatua ya kuilinganisha na nyingine.

Nintendo ilijifunza. Machi 2017 ilitoa mashine ya Switch. Mwaka 2019 iliiboresha kwa ndani, chaji ikawa inadumu kati ya saa 4 na nusu na 9, badala ya 2 na nusu hadi 6 na nusu za awali. Michezo ilikuwa ile ile na bei haikubadilika, hivyo jina nalo likabaki. Kilichobadilika ni namba ya modeli na boksi, ambalo sasa lilikuwa jekundu. Kampuni ikatangaza namba zote mbili pamoja na saa za chaji za kila moja. Mwaka huo huo ilipotoa toleo dogo lisiloweza kuunganishwa na televisheni, ililipa jina lake, Switch Lite. Na Juni 2025 ilipoleta mashine ya kizazi kipya, iliiita Switch 2 tu. Hadi mwisho wa Septemba mwaka huo zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 10.

Kanuni hapo ni rahisi. Tofauti ikiwa ndogo, namba na boksi vinatosha. Tofauti ikigusa matumizi, jina libadilike.

Mkulima wa mahindi haoni jambo geni hapa. H614 na H513 zote ni mbegu chotara za Kenya, lakini ya kwanza ni ya nyanda za juu na huchelewa kukomaa, ya pili ni ya mwinuko wa kati na hukomaa mapema. Ukipewa mfuko ulioandikwa "mahindi" tu, umeuziwa msimu mzima wa wasiwasi.

Tatizo kubwa zaidi huja kitu kinapopunguzwa. PlayStation 3 za Sony zilizotoka mwaka 2006 ziliweza kucheza michezo ya PlayStation 2. Mwishoni mwa 2007 lilikuja toleo la bei nafuu lenye diski ya gigabaiti 40, ambalo uwezo huo uliondolewa. Jina lilibaki PlayStation 3. Kwa mwenye kibanda cha gemu mtaani anayenunua mashine iliyotumika, huku rafu yake imejaa CD za PlayStation 2, jina hilo halitoshi. Asipokagua namba ya modeli iliyobandikwa kwenye mashine, mtaji wake utalala.

Kwa hiyo tunawashauri wafanyabiashara wadogo mambo matatu. Kwanza, kabla ya kujaza mzigo, muulize anayekuuzia kama kuna toleo jipya linalokuja, na linatofautiana vipi na hili. Pili, mzigo wa zamani na mpya visichanganywe kwenye rafu moja. Mwambie mteja ukweli, na cha zamani kipunguze bei mapema, kabla hajaisikia habari hiyo kwa jirani yako. Tatu, kwa wanaosindika na kufungasha wenyewe, mabadiliko yaandikwe kwenye pakiti. Kikundi cha unga wa lishe kilichopunguza soya kwa sababu imepanda bei kiseme hivyo waziwazi, kama ambavyo kingetangaza kwa furaha kama kingeongeza.

Kampuni yenye akiba kubwa inaweza kukosea jina la bidhaa, ikala hasara miaka kadhaa, kisha ikainuka. Mama anayeuza unga sokoni hana akiba hiyo. Mteja akihisi ameuziwa kitu tofauti kwa jina lile lile, hatamwandikia barua ya malalamiko. Atahamia meza ya pili.