Hadhari ya Mwenye Kulipita Lori

Neno ajali tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya muda aliokadiriwa mja, yaani saa ile isiyosogea mbele wala kurudi nyuma. Na kwa kuwa maana hiyo haijatutoka nyoyoni, ingawa siku hizi twalitumia neno lenyewe kwa kila gari lililogongana na jingine, imekuwa ada yetu kusimama kando ya mabati yaliyokunjamana, tukatikisa vichwa, tukasema kwamba iliyoandikwa haifutiki. Sina ugomvi na kadari. Lakini dereva aliyeingia upande wa kulia wa barabara, katika kona, nyuma ya lori lenye tela, bila kuona kijacho, ana lake la kujibu kabla kadari haijatajwa.

Nayanena haya nikiifikiria njia itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma, ambayo baada ya Wazungu wachache wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, malori yaliyopeleka mafuta Zambia yaliipita ingali vumbi na matope, hata ikabandikwa jina la Njia ya Jahanamu. Leo ni lami, ila shehena zimekuwa nzito kupita za zamani, maana sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yaruhusu lori na mzigo wake kufikia tani 56. Na mlima wa Kitonga, baada ya kuiacha Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa, haujapungua hata shubiri moja. Huko lori hupanda likiguna kwa mwendo wa baiskeli, na nyuma yake msururu wa watu ambao kila mmoja adhani haraka yake ndiyo kubwa.

Kosa la kwanza, nalo ndilo lizaalo mengine, ni ukaribu. Dereva mwenye pupa hulisogelea lori hata akala moshi wake, akidhani kuwa amekwisha kuokoa nusu ya kazi ya kulipita. Kumbe amejipofusha, kwa sababu mbele yake hapana barabara tena bali pana ukuta wa turubai, naye akitaka kuchungulia sharti kwanza atoe nusu ya gari lake katika njia ya wajao. Na arudi nyuma hatua arubaini au hamsini, ataiona kona ilipo, ataona vumbi la kijacho, ataona kama mbele ya lori hilo pana lori la pili lisiloacha nafasi ya mtu kurejea. Tena akae mahali avionapo vioo vya pembeni vya lori, maana asiyeviona vioo hivyo naye haonekani na aliyeshika usukani.

Baada ya kuona, na apige hisabu. Tuseme lori laenda kilomita 60 kwa saa nawe waenda 80; ukitoka upande wako ukiwa mita 20 nyuma yake, ukaumaliza urefu wake wa mita 18 hivi, ukarejea mita 20 mbele yake pasipo kumchomekea, utakuwa umetumia sekunde kama 11, na katika sekunde hizo umekwenda robo ya kilomita. Ajaye kwa mwendo kama wako naye amekwenda robo yake. Basi nusu kilomita ya barabara nyeupe ndiyo kima cha chini, tena bila ziada ya kupumulia. Na asiyeiona nusu kilomita hiyo kwa macho yake hana ruhusa, hata kama mstari wa katikati umekatika.

Iko desturi njema ya madereva wa malori, kwamba akuwashiaye taa ya kushoto akwambia upite, na akuwashiaye ya kulia akuzuia. Nawashukuru kwa ihsani hiyo, ambayo hawakuamrishwa na mtu. Walakini taa hiyo hiyo ya kushoto huwashwa na mtu atakaye kusimama kando, na ile ya kulia huwashwa na mtu atakaye kukata kulia mbele ya pua yako; kwa hiyo mimi huipokea kama ushahidi wa mtu mmoja, wala siifanyi hukumu. Na aliyekutangulia kutoka usimfuate, kwani nafasi aliyoiona ni yake, nawe waona mgongo wake tu.

Abiria nao wasijitoe katika taksiri hii. Nimesikia ndani ya mabasi watu wazima wakimkebehi dereva aliyengoja, wakamwita mwoga, na dakika chache baadaye, alipowatii na kuponea chupuchupu, wakamlaani kwa ndimi zile zile.

Na faida inayotafutwa ni ipi? Ukikaa nyuma ya lori kilomita 5 za mlima, likienda 20 kwa saa pale ambapo wewe ungekwenda 50, utakuwa umechelewa dakika 9. Dakika hizo tisa, ndugu msomaji, nakuomba uzitoe sadaka.