Plagi Zinafanana, Nyaya Zinadanganya

Leo nasema bila kumung'unya maneno: kompyuta ya sebuleni haifai kutupwa eti kwa sababu pawa saplai yake imeungua. Televisheni ni nzima, diski ni nzima, sinema zote zimo ndani. Halafu unazunguka Luthuli Avenue nzima na jibu ni lilelile: "Hii ni ya zamani, nunua nyingine."

Wasikudanganye. Mashine haijauawa na uzee. Imeuawa na plagi.

Tuanze na mambo yanayojulikana. Intel ilichapisha kiwango cha ATX mwaka 1995. Kinasema wazi kila pini inabeba nini. Waya wa rangi ya chungwa ni volti 3.3, nyekundu volti 5, njano volti 12, nyeusi ni graundi, kijani ni wa kuwashia, na zambarau ni volti 5 zinazobaki hai hata mashine ikizimwa. Kiwango kikifuatwa, fundi yeyote mwenye multimita anaweza kukuokoa.

Sasa tazama walichofanya wakubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Dell ilichukua plagi ileile ya pini 20, umbo lilelile, ikapanga nyaya kivyake. Volti 3.3 zikahamishiwa plagi ya kando. Ukichomeka saplai ya kawaida inaingia vizuri kabisa, ukiwasha, kwaheri mathabodi! Ukitaka kuwa tofauti, basi umbo nalo liwe tofauti. Ufunguo unaoingia kitasani kisha ukachoma nyumba si ufunguo, ni mtego.

Mtaniambia hayo ni ya kale. Haya, fungua zile kompyuta ndogo za ofisini zinazouzwa mitumba, ambazo wengi wetu tunaziweka chini ya televisheni. Nyingi zina plagi kuu ya pini 6 au 8, kila kampuni na mpango wake. Adapta za kutoka pini 24 zipo, lakini baadhi ya mathabodi hizo zinataka takriban volti 12 za kusubiri, na ATX inatoa 5. Hapo waya mtupu hautoshi, lazima adapta iwe na saketi ya kupandisha volti.

Kampuni zitajitetea kwamba volti 12 pekee zinapunguza nyaya na kuokoa umeme. Sibishani. Lakini Intel ilichapisha ATX12VO mwaka 2019, volti 12 pekee, plagi ya pini 10, iko wazi kwa wote. Kwa hivyo uokoaji wa umeme hauhitaji siri. Anayeendelea kuficha mpango wa pini anatafuta kitu kingine: mfuko wako.

Na nyinyi wauzaji, msijifiche nyuma ya kampuni. Kumuuzia mtu saplai bila kuuliza modeli ya mashine ni kumuuzia kiberiti. Lebo isomwe: usitazame wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa, tazama ampea za volti 12. Ampea 16 ni wati 192, basi. Kama kuna swichi ya 115/230, iwe 230 kabla ya kuchomeka, maana umeme wetu ni volti 240. Pini zipimwe moja moja kabla ya kuunganishwa. Na sanduku la saplai lenyewe lisifunguliwe na asiyejua, kapasita hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa.

Kazi hiyo ni ya nusu saa. Kinachoifanya iwe ya wiki mbili ni kukosa karatasi moja tu, ya mpango wa pini.

Umoja wa Ulaya umelazimisha simu mpya zinazouzwa huko kuwa na tundu la USB-C tangu 28 Desemba 2024. Hakuna kampuni iliyokufa. Sisi tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayomtwika mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kuiuza. Basi wajibu uanzie hapo: anayeleta mashine nchini achapishe mpango wa pini zake, au atumie kiwango cha wote.

Tusipodai hilo, tutaendelea kupeleka kompyuta nzima Dandora kwa kosa la waya mmoja.