Hamira Haijafa, Inasikia Baridi



Mzazi mmoja aliniuliza kwa upole, ingawa usoni niliona hajafurahi: "Mwalimu, mwanangu nimemleta asome Kiswahili, mbona karudi na habari za hamira?" Naona nimjibu mbele ya wote.

Tulichukua chupa tatu. Kila moja tuliitia kijiko cha hamira, kijiko cha sukari na maji kiasi kilekile, tukaivisha puto mdomoni. Ya kwanza tuliikalisha kwenye beseni la maji ya barafu, ya pili kwenye nyuzi joto 35, ya tatu kwenye nyuzi joto 70. Baada ya nusu saa puto la pili lilikuwa limesimama. Mengine yalilala. Watoto wakasema, "Hizo mbili zimekufa."

Basi tukazihamishia zote mbili kwenye maji ya nyuzi 35. Ile ya barafu ikaanza kutoa povu, na mlipokuja kuwachukua watoto puto lake lilikuwa limejaa. Ile ya moto, kimya. Hamira ni kiumbe hai. Inakula sukari na kutoa hewa ya ukaa, ile inayotoboa vitumbua vyenu. Baridi huilaza, moto huiua.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Kwetu Tanga unakoroga vitumbua usiku, asubuhi povu limefika ukingoni. Januari yangu ya kwanza hapa nilitoka zamu ya usiku nikakuta unga umelala vilevile. Nikauongeza maji ya birika ili uharakishe. Nilikula kokoto siku hiyo! Na mimi muuguzi, kazi yangu kupima watu joto. Bibi yangu alikuwa ameshanipa kipimo kizima kwa neno moja: vuguvugu.

(Wengine mmehamia bekingi pauda, siwalaumu. Alfred Bird, mkemia wa hapa hapa Birmingham, aliitengeneza mwaka 1843 kwa sababu mkewe hakupatana na hamira. Lakini ladha ya kitumbua kilichochachuka haipatikani humo.)

Sasa jibu langu. Watoto wetu wanajua shikamoo na asante. Wakitaka kuuliza kwa nini, wanarudi kwenye Kiingereza, na sisi tunawaacha. Siku ile msichana wa miaka tisa aliniuliza, "Mwalimu, kuna neno katikati ya moto na baridi?" Nikampa vuguvugu. Kuumuka na kuchachuka alividai mwenyewe, kwa sababu alikuwa na jambo la kueleza. Kwa maoni yangu hicho ndicho Kiswahili tulichokuja kukifundisha, na sitakiacha.

Mama, baba, leo usiku weka bakuli karibu na hita, umwachie mtoto kipimajoto. Akueleze yeye, kwa Kiswahili.

Jumamosi ijayo ni maziwa ya mgando. Kila mtoto aje na kijiko.